Maji ya bamia kwa sukari na magoti, kuna ukweli? Na bamia mnapikaje isivute?

bint_fuoni

Assalaam alaykum jamani. Nna masuala mawili nayaweka pahala pamoja maana yote ni ya bamia na yote yako nyumbani kwangu.

La kwanza ni bi mkubwa, mamaangu. Ana sukari miaka sasa, anakunywa vidonge vya metformini asubuhi na usiku, na magoti nayo yanamuuma akikaa chini hanyanyuki mpaka ashikwe mkono. Sasa jirani kamletea habari ati akate bamia aziloweke kwenye glasi ya maji usiku kucha, asubuhi anywe yale maji kabla hajatia kitu tumboni, sukari itashuka na magoti yatapata mafuta maana yamekauka. Na kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya watsapu inasema hivo hivo, tena inamalizia kwamba ukishazoea vidonge uache. Mama keshaanza kuyanywa na nimemsikia anasema vidonge vinamchosha tumbo bora abaki na bamia peke yake. Hapo ndo nikashtuka.

La pili ni mapishi. Mie bamia naipenda lkn watoto hawaigusi, wakiona ute unavuta kutoka sahanini mpaka kwenye kijiko washasukuma sahani. Nnapika nlivofunzwa, nakata vipande vidogo, naosha, natia kwenye sufuria na maji na tungule (nyanya) nafunika mpaka iwive. Anayejua aniambie nifanyeje. Na kwa suala la mama naomba anijibu aliyesomea, nataka nkimwambia nimwambie kwa hoja, yeye mtu mzima siwezi kumkatalia tu hivi hivi.

nesi_wa_mwera

Waalaykum salaam dada. Nianze na lililo zito, vidonge asiache. Akiacha leo hatoona kitu kesho, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, sukari inapanda kidogo kidogo, anaanza kukojoa sana usiku, kiu haimwishi, macho yanaingia ukungu, mpaka siku anagundua ana kidonda mguuni na hakiponi. Wagonjwa wa hivo tunawapokea na wengi wao hawakuacha dawa kwa ukaidi, waliacha kwa sababu mtu wanaemuamini aliwapa kitu cha asili akawaambia hichi kinatosha.

Sasa bamia yenyewe. Kwa mwenye sukari bamia ni mboga nzuri sana na mie mwenyewe nawashauri waile. Gramu 100 za bamia mbichi zina kalori kama 33 tu na nyuzinyuzi kama gramu 3, na huo ute unaowakera watoto ni katika hizo nyuzinyuzi, zile zinazoyeyuka kwenye maji. Ukifika tumboni unafanya chakula kiwe kizito na kipite polepole, kwa hiyo sukari inayotoka kwenye wali inaingia kwenye damu taratibu, haiingii kwa mkupuo. Ndo maana nasema ale bamia, bamia nyingi na wali kidogo, sahani igeuke. Faida iko hapo, kwenye kuila mboga yenyewe pamoja na chakula. Tafiti za bamia na sukari nyingi zimefanywa kwa panya, zile za watu ni za makundi madogo na muda mfupi, zinaleta matumaini lkn hakuna hata moja inayompa mtu ruhusa ya kusema acha dawa.

Na kuna jambo ile sauti ya watsapu haikusema. Mwaka 2011 watafiti wa Bangladesh waliwapa panya maji ya bamia pamoja na metformini, wakakuta ule ute unaizuia dawa isifyonzwe vizuri. Sawa ni panya, lkn tazama mama anavofanya, metformini asubuhi na maji ya bamia asubuhi hiyo hiyo, mchanganyiko ndo ule ule. Mie ningemwambia yale maji ayaache kabisa, bamia ale mchana kama mboga, dawa zake ziwe na chai ya asubuhi na chakula cha usiku.

Hilo la tumbo msikilize, halibuni. Metformini inawasumbua wengi, kichefuchefu, tumbo kuunguruma, kuharisha. Muulize anakunywa saa ngapi, kama ni kwa tumbo tupu basi tatizo liko hapo, inanywewa katikati ya chakula au akimaliza tu kula. Ikiwa bado inamsumbua kuna aina inayoyeyuka polepole, hiyo amuulize daktari wake kliniki, asijibadilishie mwenyewe.

Magoti sasa. Ute wa bamia hauendi kwenye goti. Maji ya goti yanatengenezwa na utando mwembamba uliomo ndani ya kiungo chenyewe, na ute wa bamia ukishaliwa unateremka mpaka utumbo mpana huko bakteria wanaufanya chakula chao, hakuna njia inayoutoa huko ukenda gotini. Vinafanana kwa macho tu. Goti la mtu mzima likiuma mara nyingi ni gegedu limelika, na linalomsaidia ni kupunguza uzito kama ni mnene na kuipa nguvu misuli ya paja. Mkalishe kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie hapo ahesabu mpaka 5, aushushe polepole, halafu wa pili. Afanye hivo kila siku asubuhi na jioni. Na kusali kwenye kiti dini imempa ruhusa asijitese.

abuu_bububu

Samahani sana nesi, simpingi mtu aliyesoma lkn na sie tuna ushahidi wetu. Mzee wangu anakunywa maji ya bamia toka kabla ya Ramadhani na sukari yake imeshuka, tunapima wenyewe nyumbani na kile kimashine cha kidoleni. Mbona vitu vyetu vya asili vikisaidia lazima tuambiwe ni panya.

nesi_wa_mwera

Ami wala sijakasirika, suala lako zuri. Nataka nikuulize, mzee dawa anaendelea nazo? Na toka ameanza maji ya bamia amebadilisha kitu gani kingine katika kula kwake?

abuu_bububu

Dawa anakunywa. Soda ameacha, halua haigusi, na chai anakunywa kavu bila sukari, maana tulipomuanzishia bamia tukaona bora tufanye mambo yote kwa pamoja.

nesi_wa_mwera

Basi Mungu ambariki, hayo aliyoyaacha ni makubwa. Mtu mwenye sukari akiacha soda na chai ya sukari kile kimashine lazima kioneshe. Siwezi kukwambia maji ya bamia hayakuchangia kitu, lkn naomba yasipewe sifa peke yake, kwa sababu atakuja mtu atasikia kisa cha mzee wako atachukua bamia tu, soda ataendelea nayo na dawa ataacha. Na kama anaendelea kuyanywa ayaweke mbali na muda wa dawa na muwaambie kliniki, wanahitaji kujua.

mama_nassra_ngambo

Shoga nimekuja kwenye la pili. Unavopika ndivo unavouita huo ute mwenyewe, umekata vipande vidogo, umeosha baada ya kukata, umetia maji tena umefunika. Ute uko ndani ya bamia, kila unapoikata unaufungulia mlango na ukikutana na maji na mvuke ndo unazidi.

Fanya hivi. Bamia zioshe nzima nzima, zitandaze kwenye kitambaa zikauke kwelikweli, mie nazifuta moja moja, ikiwa na tone la maji siikati. Kisu nacho kiwe kikavu. Kata vipande vya ukubwa wa kidole kimoja kwa upana, si vidogo. Teleka karai, mafuta kidogo, yaache yapate moto khasa ndo utie bamia, na usizijaze zikapandana, bora ukaange mara mbili. Usifunike. Usikoroge koroge, geuza mara moja moja kwa mwiko wa mti. Utaona nyuzi nyeupe zinaanza kuvutana, hapo wengi wanaogopa wanatia maji, wewe subiri tu na moto wako, zile nyuzi zinakauka zinakwisha zenyewe na kingo za bamia zinaanza kupata rangi ya kahawia na harufu inabadilika, inatoka ile ya majani inakuja ya kukaangwa. Chumvi tia mwisho kabisa maana chumvi inatoa maji. Ziepue weka pembeni.

Karai hilo hilo kaanga kitunguu maji, thomu na tangawizi, uzile (bizari nyembamba) uliotwangwa, manjano kidogo, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue kwa ajili ya watoto, tungule zilizoiva ukatie zikaangike mpaka mafuta yajitenge. Rudisha bamia, changanya, kamua ndimu, zima moto hapo hapo. Ukali ndo unaoukata ute uliobaki, ukikosa ndimu tia ukwaju au mbirimbi zilizopondwa, na msimu wa embe mbichi mie natia embe mbichi na ndo napenda kuliko vyote. Hii watoto watakula na chapati, na wali wa nazi, na hata mkate wa ajemi.

Ukitaka mchuzi kuna bamia ya kamba wa baharini kwa tui la nazi. Bamia iache nzima, toa kichwa tu kwa kuchonga kama unachonga penseli, usifike kwenye uwazi wa ndani, bamia ikibaki imefungwa ute unabaki ndani yake. Zipitishe kwenye mafuta ya moto kidogo tu. Tui jepesi liweke jikoni na kitunguu, thomu, manjano, chumvi na ukwaju, likichemka tia kamba, tia na bamia, acha mchuzi upungue bila kufunika. Bamia ikilainika ndo unatia kasimile, lile tui zito, punguza moto, korogea upande mmoja likipata moto tu epua, ukiliacha litokote kwa nguvu litakatika.

Na sufuria ya chuma isiyopakwa kitu usiitumie kwa bamia ya ukwaju, inageuka nyeusi. Haina madhara lkn kwa watoto wanaotafuta sababu ya kukataa umewapa sababu.

chigogo_mjini

Mie mtu wa Dodoma naishi hapa Mwanakwerekwe, naomba niseme neno kwa ajili ya ute maana mnaupiga vita sana. Kwetu bamia bila kuvuta mtu anauliza mboga iko wapi. Tunachemsha na mlenda, tunatia magadi kidogo ndo uzidi kuvuta, mwisho karanga za kusaga, na ugali wake wa uwele au mtama tonge linateremka lenyewe. Mgonjwa asiye na hamu ya kula anapewa hiyo na anakula. Ukimfunza mtoto toka mdogo hajui kama kuna kitu cha kukataa.

nesi_wa_mwera

Chigogo uko sawa kabisa, na kwa afya ute ukiliwa ndo bora zaidi, mama wa Fuoni ikiwa mwenyewe anaupenda ale unavuta hivo hivo, wa kukaangwa uwe wa watoto. Ila magadi yana sodiamu nyingi, mwenye presha apunguze au aache. Na wenye sukari wengi wana na presha.

mkulima_wingwi

Yakhe mnaongea mapishi yote hayo na bamia yenyewe hamjaichagua. Mie nalima bamia huku Pemba na nawaambia wazi, nusu ya wanaoichukia bamia wanauziwa zilizokomaa. Ukifika sokoni usitazame ukubwa wa fungu. Chukua moja vunja ncha yake kwa kidole gumba, ikikatika ta, hiyo changa, ikipinda bila kukatika iache hapo hapo, itakuwa na nyuzi ngumu hata uichemshe mpaka magharibi. Urefu wa kidole cha kati unatosha. Rangi iwe kijani kilichochangamka, ikiwa na madoa meusi kando kando imeshalala.

Kwa nini zinakomaa, kwa sababu bamia haisubiri. Ua likishafunguka siku 4 mpaka 6 tu tunda liko tayari kuchumwa, na baada ya hapo kila siku inayopita inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo shambani kila baada ya siku moja lazima upite, ukiruka unakuta zimekuwa mikwaju. Na zile ngumu usiziache mtini ukasema basi, zichume hata za kutupia ng'ombe, mti ukishapata mbegu zilizokomaa unapunguza kuzaa. Vaa shati la mikono mirefu maana vile vinyweleo vinawasha, khasa asubuhi na umande.

Anaetaka kupanda nyumbani hata kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa inaota. Loweka mbegu usiku mmoja, panda moja kwa moja usiatike, jua la kutosha, na baada ya siku 50 mpaka 60 unaanza kuchuma. Hii aina wengi wanayoiuza dukani, Clemson Spineless, ni ya zamani, imetoka Marekani toka 1939 na bado inafanya vizuri kwenye joto letu. Jambo moja watu hawalijui, usipande bamia pale ulipong'oa tungule au bilingani. Kuna minyoo ya kwenye mizizi inazipenda zote tatu, ukiing'oa bamia utakuta mizizi ina vinundu vinundu na majani yalikuwa manjano unadhani ni njaa ya mbolea, unatia mbolea wee na haijibu. Panda mahindi kwanza ndo urudi na bamia.

Ukishanunua usizioshe mpaka unataka kupika. Zifunge kwenye karatasi kavu au kitambaa, kwenye friji weka droo ya chini ya mboga, si karibu na barafu, bamia haitaki baridi kali inapata madoa na kuteleza juu. Siku 2 au 3 zipike.

bint_muscat

Salaam kutoka huku Oman, nimefurahi kuona mazungumzo haya. Huku wanapenda zile ndogo ndogo kabisa za urefu wa nusu kidole, wanapika nzima na nyama ya mbuzi au kondoo. Nyama inachemshwa kwanza mpaka iwive, bamia zinakaangwa pembeni, halafu zinakutanishwa kwenye tungule nyingi, thomu nyingi, giligilani na ndimu zile zilizokaushwa, zinachemka pamoja kidogo tu si sana. Hazivuti hata kidogo na mie nilikuwa siigusi bamia huko Unguja. Majirani zetu Wasudani wao wanaikausha kabisa juani wanaisaga unga wanauita weka, kijiko kimoja kinafanya mchuzi wote mzito. Nawafikiria nyie wenye bamia nyingi msimu wa mvua zikaoza, mngezikata mkazianika.

bint_fuoni

Jamani Mungu awalipe. Nimemuuliza mama, kumbe kweli metformini ya asubuhi anameza alfajiri akitoka kusali na chai anakunywa saa tatu. Nimemueleza taratibu kama nesi alivosema, ya panya na ya goti, kasikiliza, kasema maji ya bamia ataacha lkn bamia yenyewe nisimnyime. Wiki ijayo tunakwenda kliniki na hilo la tumbo ntalisema mwenyewe mbele yake.

Nna la kuongeza. Shemeji yangu aliwahi kutolewa mawe ya figo na mdogo wangu ana mimba changa, wote tunakula chungu kimoja. Bamia hawa inawafaa? Na mama Nassra, kamba sasa hivi ghali, nitie nini badala yake?

nesi_wa_mwera

Mdogo wako ale sana, bamia ina foleti, vitamini ile ile ya vidonge vya foliki, gramu 100 zina kama maikrogramu 60 na mwenye mimba changa anatakiwa apate hata 400 au zaidi kwa siku ili uti wa mgongo wa mtoto ujengeke vizuri, kwa hiyo bamia ni nyongeza, vile vidonge vya foliki vya kliniki avimeze kama alivopewa. Shemeji aulize mawe yake yalikuwa ya aina gani, kama ni ya oksaleti, kitu kilichomo kwenye baadhi ya mboga, basi bamia, mchicha na karanga visiwe vya kila siku, mara moja moja hakuna neno, na maji anywe ya kutosha mkojo uwe mweupe. Na katika nyumba kama kuna mtu anakunywa warfarini ya kuzuia damu kuganda huyo naye amwambie daktari wake, bamia ina vitamini K, hatakiwi kula nyingi ghafla wiki hii na wiki ijayo asile kabisa, ale kwa kiasi kile kile.

mama_nassra_ngambo

Tia dagaa wakavu shoga. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wakaange peke yao mpaka wawe wakavu ndo uwatie kwenye lile tui badala ya kamba, ukwaju uongeze kidogo kukata shombo. Au changu wa kukaanga, mweke juu ya bamia dakika za mwisho asivunjike. Kwa watoto anza na ile kavu ya karai kwanza, ya nazi iwape wakishazoea.